Visanduku kumi na viwili: barua kwa Baba Zuhura

Dar es Salaam,
Jumapili usiku

Sahibu yangu Baba Zuhura,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta salama, wewe, Mama Zuhura na watoto. Huku hatujambo, ila joto limezidi. Leo umeme umetulia na watoto wamelala mapema, nikaona nikuandikie kwa kirefu badala ya kukutumia ujumbe wa sauti wa kukatika katika.

Tulipoagana stendi ya Tanga uliniuliza, "Hiyo ngoma ya kompyuta, anayeipiga nani?" Nilikujibu kwa haraka kwa kuwa basi lilikuwa linaondoka, na jibu lile halikuniridhisha hata mimi mwenyewe. Swali lako limenikaa kichwani wiki tatu hizi. Wewe ndiye uliyenifundisha kushika chapuo, ile ngoma ndogo, na sitaki udhani nimeipa ngoma kisogo. Basi nisikilize.

Ninatumia programu ya kutengeneza muziki iitwayo LMMS. Ni ya bure na inakubali hata kwenye laptopu yangu hii ya zamani. Ndani yake mna mambo mengi, ila mawili ndiyo yanayonikesha. La kwanza ni sintesaiza, kinanda kisicho na nyuzi wala mbao, kinachoitengeneza sauti kwa hesabu tupu. La pili ni sikwensa ya hatua. Hii ni safu ya visanduku, kwa kawaida kumi na sita, na kila chombo kina safu yake. Ukibonyeza kisanduku kinawaka. Programu inatembea kutoka kushoto kwenda kulia: ikifika kwenye kilichowaka inapiga, kwenye kilichozimwa inapita kimya, na ikimaliza safu inarudi mwanzo. Mwendo ukiwa mapigo 120 kwa dakika, na kila pigo likigawanywa visanduku vinne, kila kisanduku kinachukua milisekunde 125. Vijana wa singeli, ule muziki wa kasi wa Manzese na Tandale, wanavuka 200, na hapo kisanduku kinabakiwa na chini ya milisekunde 75. Hakuna mkono wa kupiga vile usiku kucha.

Jambo hili si la jana. Mwaka 1980 kampuni ya Roland ya Japani ilitoa mashine ya ngoma, TR-808, yenye vitufe kumi na sita vilivyopangwa vinne vinne kwa rangi: vyekundu, vya chungwa, vya manjano na vyeupe. Ilitengenezwa hadi 1983 tu, kama mashine 12,000 hivi, kwa sababu wengi walisema ngoma zake hazifanani na ngoma za kweli. Zikaishia kwenye maduka ya mitumba kwa bei ya chini, na huko vijana weusi wa Detroit na Chicago wakazipata. Ndugu yake, TB-303 ya mwaka 1981, ilikusudiwa kumpigia besi mpiga gitaa aliye peke yake. Nayo haikupendwa, mpaka kundi la Phuture la Chicago lilipovizungusha vifundo vyake huku inapiga, kwenye rekodi iliyotoka mwaka 1987, ikatoa mlio wa kulia na kujikunja ambao wengi hawakuwa wameusikia. Kila nikisoma habari hizi naukumbuka mchiriku wetu, muziki wa mitaani wa Dar, vile vinanda vidogo vya Casio vilivyopitishwa kwenye spika za honi mpaka sauti ikapasuka, na ule mpasuko ndio watu walioufuata uwanjani. Chombo kinapata uhai mikononi mwa anayekihitaji, hata kama aliyekiunda alikuwa na nia nyingine.

Sasa sauti. Hapa nitakaa kidogo, maana najua wewe una sikio.

Kitu cha kwanza nilichokitengeneza ni vumi, ile ngoma kubwa ya sauti nzito. Nilianza na wimbi laini kabisa, lisilo na kona, sauti kama ya mtu anayepuliza mdomo wa chupa. Nikaliambia lianze kwenye mitikisiko 150 kwa sekunde na kuporomoka hadi 40 kwa muda mfupi kuliko kufumba jicho, huku likififia. Wallahi nilishtuka. Lilitoka dum la ngozi kubwa! Nikagundua kwamba ndivyo ngozi nayo inavyofanya: ukiipiga kwa nguvu inakazika, sauti inapanda, kisha inalegea na kushuka. Miaka yote nimekaa kando ya vumi lako sikuwahi kusikia kwamba linashuka. Nililisikia kama pigo moja. Ilinibidi nilijenge kwa namba ndipo sikio langu lifunguke.

Kisha nikajaribu zumari. Sintesaiza ina mawimbi ya aina kadhaa, na mawili yanatosha kueleza: la mraba na la msumeno. Chukua noti ya mitikisiko 440. Wimbi la msumeno, pamoja na hiyo 440, linabeba 880, 1,320, 1,760 na kuendelea, kila kizidisho. La mraba linabeba vile vya namba witiri tu: 1,320, 2,200 na kadhalika, kwa hiyo sauti yake ina uwazi fulani ndani, kama bomba tupu. Nilihangaika na la mraba siku mbili bila kuliona zumari. Nilipohamia kwenye msumeno, likaja. Sababu yake nimeipenda sana: zumari lina tundu linalopanuka kuelekea chini, na bomba la umbo hilo hutoa vizidisho vyote, wakati bomba lililonyooka na kuzibwa upande wa mdomo, kama la klarineti, huegemea witiri. Hata fidla ya taarabu iko upande wa msumeno, kwa kuwa upinde unaushika uzi na kuuachia, kuushika na kuuachia.

Msumeno mtupu lakini unakwaruza. Unaupitisha kwenye filta, nayo inakata vilio vya juu, na wewe unaamua ikatie wapi. Halafu unaamua sauti iinuke kwa kasi gani, ishuke, itulie kiasi gani, na ifeje ukiachia. Mwishoni nikaweka wimbi jingine la polepole, mara tano kwa sekunde, ambalo lenyewe halisikiki, kazi yake ni kulitikisa lile la kwanza. Hapo ndipo pumzi ilipoingia. Mama watoto alitoka jikoni kuuliza kama kuna harusi mtaani.

Kuna kosa moja nikueleze ili lisikupate siku utakayoanza. Vumi langu la mitikisiko 40 nililisikiliza kwenye spika za laptopu, sikulisikia vizuri, nikaongeza, nikaongeza tena. Nilipolipeleka kwenye spika kubwa za jirani lilifunika kila kitu, hata madirisha yalilalamika. Spika ndogo haiwezi kusukuma hewa ya sauti nzito kiasi hicho. Siku hizi nasikiliza kwa visikilizio vya masikioni, na ninalikwaruza vumi kidogo ili lizae vilio vya juu ambavyo spika ya simu inaviweza. Sikio likivipata hivyo, lenyewe hujazia kilichokosekana chini.

Sasa nifike palipo na jibu lako.

Nilitaka kuweka chakacha, ule mdundo wetu wa harusi za pwani. Nilikaa na visanduku kumi na sita, nikalipanga vumi nilivyokumbuka, nikapanga chapuo. Halikuwa chakacha. Lilikuwa kitu kinachotembea kwa gwaride. Nikataka angalau mapigo matatu yaliyoachana sawa, nikaweka cha kwanza, cha sita na cha kumi na moja, na nikasikia mtu anayechechemea: pengo la tano, la tano, kisha la sita. Kumi na sita haigawanyiki kwa tatu, hata ufanyeje.

Huko kuchechemea kwenyewe si ubaya, usinielewe vibaya. Ukichukua visanduku vinane ukatawanya mapigo matatu kadiri inavyowezekana, unapata pengo la tatu, la tatu na la mbili, na mdundo huo umechezesha nusu ya dunia. Mtaalamu wa kompyuta, Godfried Toussaint wa Chuo Kikuu cha McGill huko Kanada, alionyesha mwaka 2005 kwamba kanuni ya kale ya Euclid, ile ya kutafuta kigawo kikubwa cha shirika, ukiitumia kutawanya mapigo inazaa midundo mingi ya jadi, ya Afrika ikiwemo. Nilipoisoma habari hiyo niliwaza wazee wetu waliokuwa na hesabu hiyo viganjani, bila ubao wala chaki.

Lakini chakacha nililotaka lilikuwa jingine. Usiku ule nilifumba macho nikakukumbuka umekaa kwenye mkeka, mguu wako unahesabu mbili, na mkono wako unahesabu tatu. Nikavifuta visanduku vinne. Vikabaki kumi na viwili. Kumi na viwili inagawanyika kwa mbili, kwa tatu, kwa nne na kwa sita, kwa hiyo mguu unapata wake, mkono unapata wake, makofi yanapata yake, wote ndani ya safu ile ile, na hakuna anayemsubiri mwenzake. Nikaanza upya na vumi. Lilipozunguka mara ya tatu mabega yalianza kucheza yenyewe.

Nilikesha. Nikaweka chapuo, nikaweka makofi, nikafuta. Nikajifunza kwamba kisanduku kilichozimwa kina kazi sawa na kilichowaka. Ulikuwa ukinikaripia, "Usijaze!" na mimi nikidhani unanibania. Sasa naiona kwa macho: safu iliyojaa haichezeki, mwili hauna pa kuingilia.

Kisha nikajaribu jambo ambalo nataka ulisikie tukionana. Safu ya besi nimeiacha na visanduku kumi na sita, ya ngoma kumi na viwili, zote zinaanza pamoja kwa mwendo mmoja. Mara moja zinaachana, na kila mzunguko besi inaangukia mahali papya juu ya ngoma. Unaikumbuka KDS ya darasani, kigawe kidogo cha shirika? Ya 12 na 16 ni 48. Basi kwenye hatua ya arobaini na tisa zinakutana tena, na pale zinapokutana kifua kinafunguka kama mtu aliyekuwa amebana pumzi. Kwa mistari miwili tu, nimepata kitu cha kusikiliza nusu saa bila kuchoka.

Ila bado. Bado, Baba Zuhura. Nikiliweka chakacha langu kando ya ile rekodi ya simu niliyoichukua harusini mwaka juzi, langu ni sahihi na lako ni hai. Nimeipunguza kasi rekodi yako na kuitazama kwenye skrini, wimbi kwa wimbi. Chapuo lako haliangukii kwenye kisanduku. Pigo la tatu linachelewa kidogo sana, na ukifika kabla ya zamu ya waimbaji, linawahi. Programu zina kifundo cha kuchelewesha kila hatua ya pili. Mmarekani Roger Linn alikiweka tangu kwenye mashine yake ya LM-1 ya mwaka 1980. Kikiwa 50 kwa mia mapigo yako sawa, kikisogea kuelekea 66 yanaanza kuyumba kwa raha. Kinasaidia, nakitumia. Lakini kinachelewesha kila mara kwa kipimo kile kile, na wewe huchelewi kila mara. Wewe unamtazama anayecheza.

Kwa hiyo anayeipiga nani? Nikiisikiliza vizuri, kilicho kizuri ndani yake ni wewe niliyekukumbuka, na kilichopungua ni wewe usiyekuwepo. Sitaki kuendelea kukukumbuka. Nataka uwemo.

Ombi langu ni hili. Ukipata mchana mmoja ambao kuku na watoto wako mbali, nirekodie vumi na chapuo kwa simu yako. Iweke simu hatua mbili kutoka ngomani, juu ya kitambaa, isiguse sakafu inayotikisika. Kwanza piga pigo moja moja, ukiacha kila moja lizime lenyewe kabisa kabla ya jingine. Piga kumi kwa nguvu tofauti, kuanzia la kunong'ona hadi la kumwita jirani, na kumi mengine pembeni mwa ngozi. Nayahitaji mengi, kwa sababu pigo moja likirudiwa sikio hulitambua haraka na kulichoka. Halafu piga chakacha kamili dakika tatu, peke yako, ukikanyaga kwa mguu ili niusikie. Usirekebishe chochote. Ukikosea endelea. Tena mwombe Mama Zuhura akae mbele yako apige makofi, maana najua huwezi kulipiga ukitazama ukuta.

Mimi nitayachukua mapigo yako niyaweke ndani ya visanduku mahali pa yale ya hesabu, na zile chelewa chelewa zako nitazinakili moja moja kwa mkono, hata ikinichukua mwezi. Kisha nitakuja nayo Tanga pamoja na spika, tukae kwenye mkeka, mashine ipige zumari na besi, wewe upige juu yake, tuone kama itakufuata.

Nisalimie wazee wote, na Zuhura mwambie kitabu chake nimekipata.

Jambo la mwisho kuhusu rekodi: vumi lirekodi mara mbili. Mara ya kwanza likiwa baridi, kabla hujalipeleka motoni, na mara ya pili baada ya ngozi kukaza. Najua lililo baridi huwa hulipigi mbele za watu, lakini nalitaka lote.

Ni mimi sahibu yako,
mpiga chapuo wako wa zamani