Tundu la kasuku lisipanuliwe kwa shoka

Mhariri,

Tunaomba nafasi tuwasemee kasuku wa pwani yetu ya Lindi na Mtwara. Ni yule wa kijani, kichwa cha kahawia, macho ya njano, urefu sentimita 22 hadi 25. Akiruka, chini ya mabawa ni njano tupu. Si kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, msemaji hodari, ambaye kwao ni misitu ya Afrika ya Kati na Magharibi. Wetu ana kelele kali na maneno haba, kwa hiyo anayemnunua ili aamkiwe asubuhi hapati anachokitaka.

Shida yake kubwa ni makazi. Hachimbi tundu mwenyewe. Hutegemea pango lililotokea tawi lilipovunjika na kuoza, au tundu lililoachwa na kigong'ota, na mti wenye nafasi hiyo ni mkongwe, mara nyingi mbuyu. Jike hutaga mayai 2 hadi 4 na kuyaatamia takribani wiki nne huku dume akimlisha. Makinda hukaa humo karibu miezi miwili. Anayepanua mlango kwa shoka ili mkono upite huwafungulia kenge na mvua, na pango hilo halifai tena msimu ujao. Mrina asali anayewasha moto ndani ya shina huleta hasara ileile. Moshi wa kienge ukiwa nje unatosha.

Kinda lililochukuliwa nalo huteseka. Uji wa moto huliunguza, uliopoa huchacha kwenye kifuko cha shingoni kabla ya kushuka. Likikua kwa alizeti peke yake, ini hujaa mafuta na vitamini A hupungua. Parachichi ni sumu kwake. Isitoshe, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali kwa anayekamata.

Mwenye mtama ana haki ya kuamia ndege, hasa asubuhi na jioni wanapokula zaidi. Asitege sumu tu.

Kinda likianguka, lirudisheni tunduni. Wazazi hawalikatai kwa kuwa limeguswa. Mibuyu ilipokwisha, tundikeni juu mtini sanduku la mbao nene: sakafu sentimita 25 kwa 25, kimo 45, mlango 7 hadi 8, vitundu vya kutolea maji chini, na maranda ya sentimita 5 ndani, maana mayai juu ya ubao mtupu hubingirika na kupoa.

Wapenzi wa ndege,
Lindi