Barua ya malalamiko: shokapu zangu zilizokatwa kinyume cha maagizo

Iyunga, Mbeya
19 Agosti 2024

Meneja Mkuu,
Ofisi Kuu ya Kampuni,
Mbeya.

Ndugu Meneja,

YAH: KUHARIBIWA KWA SHOKAPU ZA COROLLA KE70 NA KUDHALILISHWA MBELE YA MWANANGU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu, mwenye Corolla KE70 nyeupe ya mwaka 1982 ambayo karatasi yake ya kazi mnayo kwenye faili. Sitawachosha kwa kueleza utaratibu wenu wa kupokea magari, kwa kuwa mmeuandika wenyewe na kuubandika ukutani pale mapokezi. Naandika kwa sababu Jumamosi ya tarehe 10 Agosti msimamizi wa karakana yenu alichukua shokapu mkononi mwangu, akatembea nayo hadi kwenye lundo la vyuma chakavu lililo kando ya geti, akaitupa juu ya lundo hilo, kisha akamwambia mlinzi, kwa sauti iliyosikiwa na wateja wote waliokaa kwenye benchi, kwamba gari la namna ile lisiruhusiwe tena kuingia ndani. Nimekaa siku tisa kabla ya kushika kalamu, kwa sababu siku ile ile ningeandika maneno ambayo mtu mzima hapaswi kuyaweka kwenye karatasi.

Gari nililikabidhi Jumatatu ya tarehe 29 Julai. Kazi tuliyokubaliana ilikuwa moja na ilikuwa na vipimo. Mirija ya shokapu za mbele ilitakiwa kupunguzwa milimita 40 kila upande, mkato uwe katikati ya mrija, mbali na hesi za juu, yaani mizunguko inayoshika nati, na kiungo kizungushiwe pete ya chuma kwa nje ili ndani kubaki laini na shokapu fupi ya ndani iteremke mpaka kitakoni, chini kabisa ya mrija, bila kukwama. Mafuta ya zamani yamwagwe yote na mrija usafishwe ukauke kabla moto haujawashwa. Kuhusu shokapu za nyuma, niliandika kwa mkono wangu, kwa herufi kubwa, mbele ya kijana wenu wa mapokezi: ZA NYUMA ZISIKATWE. Nilizinunua zikiwa tayari fupi. Ni shokapu za chapa ya Koni, za kurekebishwa ugumu, nilizoagiza kutoka nje baada ya kuweka akiba kwa mwaka mzima, na kazi iliyobaki ilikuwa kuzifunga tu kwa bolti.

Fundi wenu mkuu aliniuliza kwa nini nahangaika hivyo wakati wengine hukata springi kwa msumeno na kuondoka. Nilimjibu kwa heshima, na nayarudia majibu hayo hapa ili asije akasema hakuelezwa. Springi fupi zikiwekwa juu ya shokapu ndefu, pistoni hukaa chini mno ndani ya mrija, na nafasi inayobaki ya kushuka haitoshi, kiasi kwamba tuta moja la barabarani huigongesha kwenye vali ya kitakoni. Gari hilo hilo likiinuliwa kwa jeki, shokapu ndefu hutanuka kupita urefu wa springi, na springi hulegea kwenye kikalio chake na inaweza kuchomoka. Mirija hufupishwa ili gari la chini liendelee kuwa salama. Najua wapo wanaoona kushusha gari ni uhuni wa vijana. Gari hili nililirithi kwa marehemu baba yangu, nalitunza kwa mikono yangu, na sikuja kwenu kutafuta sifa za mtaani. Nilikuja kwa sababu sikutaka kubahatisha maisha ya watu ninaowapakia.

Nilichokabidhiwa tarehe 3 Agosti ni hiki. Mrija wa mbele kulia umepunguzwa milimita 40 kama tulivyoandikiana, lakini wa kushoto umepunguzwa milimita 52, na gari limelalia kushoto kwa namna ambayo hata mtoto anaiona akiwa upande wa pili wa barabara. Ndani ya mrija huo wa kushoto uvimbe wa kuchomelea haukusagwa, kwa hiyo shokapu ya ndani haikufika kitakoni, ilibaki imesimama juu ya uvimbe huo. Fundi wenu, badala ya kuitoa na kusafisha, aliilazimisha nati ya juu ambayo ilishika hesi mbili tu. Nati ile ndiyo inayoishikilia shokapu nzima ndani ya mrija. Zile raba za kuzuia kugonga, ambazo tulikubaliana zirudishwe, sikuzikuta kwenye gari wala kwenye boksi la vifaa vya zamani nililopewa.

Na za nyuma mlizikata.

Mlikata shingo za pete za chini na kuzichomelea pete hizo moja kwa moja kwenye vitako vya shokapu, zikiwa zimejaa mafuta na zimefungwa kabisa. Hili linaniumiza kwa sababu mbili. Ya kwanza ni hasara yangu, nami nitaifikia. Ya pili ni kijana aliyechomelea. Mafuta yaliyofungiwa ndani ya chuma yakipata moto hutanuka na kutafuta pa kutokea, na chombo kile kingeweza kumpasukia usoni. Nilipomuuliza baadaye, kijana huyo alinijibu kwa unyenyekevu kwamba aliagizwa kuzifupisha zote nne ili zifanane, na kwamba karatasi ya kazi hakuonyeshwa. Nawaomba asiadhibiwe kwa kuniambia ukweli.

Kuhusu matokeo, moto uliopigwa kitakoni uliharibu sehemu ile ile inayotumika kurekebisha ugumu. Kwa kawaida shokapu hizi hutolewa kwenye gari, rodi ikasukumwa hadi chini kabisa, ikazungushwa taratibu mpaka meno yashike, kisha ikageuzwa kidogo kidogo kuongeza ugumu wakati wa kutanuka. Sasa hivi ya kulia inazunguka tupu bila kushika kitu, na ya kushoto imeganda kabisa. Sili ya juu ya ile ya kulia imepasuka na inavuja. Hakuna fundi atakayeweza kunirudishia vitu hivi vikiwa vizima.

Mengi ya haya sikuyajua tarehe 3, kwa sababu niliambiwa kazi imekamilika na imejaribiwa barabarani. Niliyajua tarehe 8 Agosti, siku ya Nane Nane, nikiwa na mke wangu na watoto wawili tukielekea Uwanja wa John Mwakangale. Tulipopita Mafiati nilianza kusikia mbele kushoto kunagonga, ngo, ngo, ngo, kila tulipopita juu ya kiraka. Karibu na Uyole, nikiwa nyuma ya lori la mizigo, nilishuka kwenye tuta kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, na usukani ukanivuta kushoto kwa nguvu. Niliegesha pembeni. Nati ilikuwa imeng'oka kwenye hesi zake, na shokapu ilikuwa inacheza ndani ya mrija kama mchi ndani ya kinu. Kama jambo lile lingetokea kwenye mteremko wa Mlima Nyoka nikiwa katikati ya malori, barua hii ingeandikwa na mtu mwingine kwa niaba yangu. Familia yangu ilirudi nyumbani kwa bajaji, na mimi nikalipa gari la kuvuta.

Ndipo nikaja kwenu tarehe 10, nikiwa na shokapu ya nyuma ya kulia niliyoifungua mwenyewe, na nikiwa na mwanangu wa miaka 12 ambaye baada ya hapo nilikuwa nimpeleke kwenye mazoezi ya kwaya. Nilisalimia. Nilisubiri kwenye benchi saa moja na nusu. Msimamizi alipokuja sikupandisha sauti, nilimwonyesha karatasi yenye maandishi yangu na nikamwomba asukume rodi mwenyewe ili aone. Hakuisukuma. Alisema karatasi za mapokezi si sheria, kwamba kwenye karakana fundi ndiye anayeamua, na kwamba gari la zaidi ya miaka 40 halina haki ya kudai milimita.

Nalazimika kurudia kilichofuata, kwa sababu hapo mwanzo sikukieleza chote, na kile nilichokiacha ndicho kinachoninyima usingizi. Alipokwisha kuitupa shokapu kwenye lundo, mimi nilibaki nimesimama, nikiwa nimepigwa na butwaa. Mwanangu ndiye aliyekwenda. Alipanda juu ya vyuma vile, akiwa na shati lake jeupe la kwaya, akaichukua shokapu ya babu yake, maana kwake kila kitu cha gari lile ni cha babu yake, akaikumbatia kifuani ikiwa inavuja mafuta. Msimamizi wenu akamtazama na kumwambia, "Mwambie baba yako anunue gari la watu wazima." Watu wawili kwenye benchi walicheka, na dada wa mapokezi alicheka pia. Mtoto hakulia. Aliniletea shokapu, akanikabidhi kwa mikono miwili kama anavyofundishwa kumpa mkubwa kitu, na tulipokuwa tunatoka getini akaniuliza kama sisi ni maskini. Ndugu Meneja, sikuwa na jibu la kumpa mtoto huyo, na hadi leo sijalipata. Shati lilifuliwa mara tatu na doa halijatoka.

Mimi nimelipa. Nililipa shilingi 500,000 za kazi, na nyingine 60,000 nilizoambiwa ni za kuharakisha, ingawa niliharakishiwa uharibifu. Shokapu mbili za nyuma zilinigharimu shilingi 780,000 pamoja na usafirishaji, na gari la kuvuta shilingi 70,000. Jumla ni shilingi 1,410,000.

Nilipoanza kuandika barua hii nilikusudia kuomba tu mnirudishie fedha za kazi, nikubali kwamba makosa hutokea na kila mtu ashike njia yake. Lakini kila ninavyoyapanga mambo haya kwenye karatasi naona kwamba kuomba hivyo ni kuwasaidia kuyafukia. Kwa hiyo nadai nirudishiwe kiasi chote cha shilingi 1,410,000. Nadai pia mrija wa kushoto utengenezwe upya kwa gharama zenu na fundi nitakayemchagua mimi mwenyewe, nje ya karakana yenu, kwa kuwa chuma kilichokwisha kupungua hakirefuki na lazima utafutwe mrija mwingine. Nadai raba zangu za kuzuia kugonga. Na nadai barua ya kuomba radhi yenye saini ya msimamizi huyo, iliyoandikwa kwa jina la mwanangu, si kwa jina langu, naye aje aikabidhi mwenyewe nyumbani kwetu kwa mikono miwili.

Juzi nilimpigia simu mtu wa ofisi yenu ya huduma kwa wateja, akanijibu kwamba mambo ya namna hii huchukua hadi siku 30 kushughulikiwa. Siku 30 sitazingoja. Nilikuwa nimepanga kuwapa siku 14, lakini kwa jibu hilo nawapa siku 7 tangu mtakapoipokea barua hii, na nitaileta kwa mkono ili mnigongee muhuri kwenye nakala yangu.

Siku hizo zikipita nitapeleka malalamiko Tume ya Ushindani kwa mujibu wa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayomlinda mlaji dhidi ya huduma ya namna hii. Nitafungua shauri la madai mahakamani na kuambatanisha karatasi ya kazi yenye herufi zangu kubwa, picha za nati iliyong'oka, na shokapu zenyewe, ambazo sitaziachia mikononi mwa mtu yeyote wa kampuni yenu. Aidha, nakumbuka kwamba kwa shilingi zote 560,000 nilipewa risiti ya kuandikwa kwa kalamu, wakati mashine ya EFD, ya kutolea risiti za kielektroniki, ilikuwa juu ya meza mbele ya macho yangu. Risiti hiyo ninayo, na ofisi za TRA nazifahamu zilipo.

Ikiwa mnataka kuongea nami kabla ya hapo, namba yangu mnayo kwenye karatasi ya kazi. Asipige msimamizi, upige wewe mwenyewe.

Wako katika kudai haki,

(Saini)

Mteja wenu, mwenye Corolla KE70 nyeupe