Barua kwa wanangu madaktari mnaojiandaa na mechi ya Marekani, yaani upangaji wa nafasi za mafunzo ya ubingwa

Wanangu,

Baada ya salamu, nina neno nanyi.

Kila mwaka, ile wiki ya Machi ambayo NRMP, shirika linalowapangia madaktari hospitali za kusomea ubingwa huko Marekani, hutoa majibu, huwa siweki simu mbali. Jumatatu mwombaji huambiwa jambo moja tu: umepangiwa au hukupangiwa. Jina la hospitali husubiri hadi Ijumaa. Jumatatu moja ya namna hiyo alinipigia kijana wa kwetu, daktari aliyehitimu nyumbani kwa alama nzuri na kufaulu mitihani yote ya USMLE, ile ya leseni ya udaktari ya Marekani, aliyotakiwa. Alikuwa ameomba upasuaji wa mifupa peke yake, katika programu zaidi ya 80, yaani idara za hospitali zinazofundisha ubingwa huo, akaitwa kwenye usaili mmoja. Amekosa. Wazazi walikuwa wameuza kiwanja ili alipe ada. Nikamuuliza kwa upole kwa nini hakuomba na ubingwa mwingine. Akanijibu, "Mama, niliambiwa kwamba wanaopata ni zaidi ya nusu."

Usiku ule sikulala, nikaanza kuandika barua hii.

Wanangu, aliyemwambia hivyo hakumdanganya. Mwaka 2024, miongoni mwa madaktari waliosoma nje ya Marekani na ambao si raia wa huko, waliopangiwa mwaka wa kwanza wa mafunzo ya ubingwa walikuwa asilimia 58.5. Mwaka 2025 walikuwa asilimia 58.0. Raia wa Marekani waliosoma nje walikuwa asilimia 67.0 mwaka 2024. Huko shahada za udaktari ni mbili, MD na DO: wanaomaliza vyuo vya MD walikuwa 93.5, na wa DO 92.3. Namba hizi hutangazwa hadharani na kila mtu anaweza kuzisoma. Kosa liko katika kuzisoma nusunusu.

Mnakumbuka hesabu za sehemu tulizofundishwa shule ya msingi, juu kiasi, chini asili? Mwalimu wangu hakuruhusu mtoto ataje kiasi kabla ya kutaja asili. Basi ulizeni asili ya hiyo 58 ni nani. NRMP huhesabu wale waliowasilisha orodha ya programu wanazozitaka, na mtu hawezi kuwa na orodha ya maana kama hakuna programu iliyomwita kwenye usaili. Mwaka 2024 waliojiandikisha walikuwa 50,413, na waliowasilisha orodha walikuwa 44,853. Zaidi ya watu 5,500 waliishia hapo katikati, na wengi wao ni waliosoma nje, kama ninyi. Hawamo katika ile 58. Na kabla yao wako walioanguka kwenye mitihani, walioishiwa fedha, walionyimwa visa. Hao hata kujiandikisha hawakufika.

Kwa hiyo, mwanangu uliyeko Mwanza au Eldoret, ambaye leo ndiyo kwanza umefungua kitabu cha hatua ya kwanza ya USMLE, asilimia hiyo si yako bado. Ni ya aliyekwishavuka mito kadhaa akafika mlangoni. Na hata huko mlangoni, wawili kati ya watano hurudi mikono mitupu.

Ninyi mliozaliwa Minnesota au Texas kwa wazazi wa kwetu, mna pasi ya Marekani lakini mkasomea Kampala au visiwa vya Karibiani, kundi lenu ni lile la 67. Msimwazime binamu yenu wa Dar es Salaam namba yenu, wala yeye asiwaazime yake. Tofauti kati yenu ni visa, nayo ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye jedwali.

Sasa niwaambie habari ya aina za ubingwa, maana hapo ndipo kijana wangu alipoumia.

Hiyo 58 ni jumla ya kila ubingwa, na jumla huficha mengi. Tiba ya ndani ilikuwa na nafasi 10,261 mwaka 2024, na zaidi ya robo huchukuliwa na watu wa kundi lenu, wasio raia waliosoma nje. Huo ndio mlango mpana. Udaktari wa familia, watoto, patholojia na magonjwa ya mishipa ya fahamu nako mnajulikana na kupokelewa. Upande wa pili kuna upasuaji wa mifupa, wenye nafasi zaidi ya 900 tu kwa mwaka nchi nzima, na wasio raia waliosoma nje wanaopata humo kwa kawaida hawafiki 20. Hata vijana wa vyuo vya Marekani vyenyewe, ambao walimu wao wamekwishawachuja na kuwaambia nani ajaribu na nani aache, takribani mmoja kati ya wanne hukosa mifupa. Ngozi, upasuaji wa ubongo, upasuaji wa kurekebisha maumbile, masikio na koo, hali ni hiyohiyo. Macho na njia ya mkojo wana upangaji wao wa pembeni, tena wa mapema zaidi, na kuna watu kila mwaka hugundua hilo wakati muda umeshapita.

Sisemi usipende mifupa. Nasema kama unaipenda, ijue bei yake: miaka miwili au mitatu ya utafiti usiolipwa au unaolipwa kidogo katika idara ya huko, hadi wakufahamu kwa jina, na baada ya hayo yote bado unaweza kukosa. Kama familia yako haiwezi kubeba miaka hiyo, hilo ni jibu, na si jibu la aibu. Nyumbani kuna MMed, shahada ya uzamili ya ubingwa, kuna mafunzo ya COSECSA ya upasuaji kwa nchi zetu, na kuna majeruhi wa bodaboda wanaokusubiri leo.

Tena kuna mtego mmoja katika upasuaji wa jumla. Ziko nafasi kamili, zinazokufikisha hadi mwisho wa mafunzo, na ziko nafasi za mwaka mmoja tu, za awali. Waliosoma nje wengi huangukia hizi za mwaka mmoja, na kwenye jedwali huhesabiwa kuwa wamepangiwa. Mwaka unakwisha, mkataba unakwisha, na visa imefungwa kwenye mkataba. Nimewaona wakizunguka na mabegi kutoka jimbo hadi jimbo. Ukisikia mtu anajisifu kwamba alipata upasuaji, muulize ni wa miaka mingapi.

Wala msikimbilie mashimo ya mwaka jana. Idara ya dharura iliachwa na nafasi 219 zisizojazwa mwaka 2022, na 554 mwaka 2023. Watu wakasema mlango umefunguka. Mwaka 2024 zilizobaki zilikuwa 135. Mwaka huohuo wa 2024 watoto nao, ambao kwa kawaida hujaa vizuri, wakabakiza 252. Upepo huu hubadilika kwa sababu za wao kwa wao, na wewe utakuwa umeshatumia miaka miwili kujenga wasifu wa kitu ambacho hata hukukipenda.

Nimeketi miaka mingi kwenye kamati ya kuchagua katika hospitali moja, nami nitawaambia jinsi faili lenu linavyosomwa. Maombi huja kwa maelfu, viti ni makumi machache. Kwa hiyo wa kwanza kusoma ni kompyuta. Inaulizwa: amehitimu mwaka gani? Programu nyingi hukata waliopitisha miaka mitano. Amewahi kuanguka mtihani? Anahitaji visa, na ya aina gani? Tangu Januari 2022 hatua ya kwanza haitoi alama tena, ni kufaulu au kuanguka tu, kwa hiyo macho yote yamehamia alama ya hatua ya pili. Hapo ndipo mtu wa nje hupimwa, msiifanye kwa haraka. Baada ya kompyuta ndipo sisi binadamu husoma. Na mimi huanza na barua za waliowafundisha. Barua ya daktari wa Marekani aliyekuona ukishika mgonjwa kwa mikono yako ina uzito kuliko barua tatu za maprofesa wanaosema una tabia njema. Hao waliokuruhusu usimame pembeni kutazama tu, barua zao tunazielewa, ila hazitufikishi mbali.

Kuomba kwingi nako kuna mpaka. Katika msimu wa 2025 ERAS, mtandao wa kutumia maombi, ulitoza dola 11 kwa kila programu hadi ya thelathini, na dola 30 kwa kila moja baada ya hapo. Zile programu zaidi ya 80 za kijana wangu ni zaidi ya dola 1,800, na nilipozipitia naye, nyingi zilikuwa zimeandika wazi kwamba hazichukui wenye kuhitaji visa. Fanyeni kazi ya mkono: fungua programu moja moja, tazama majina ya walioko sasa, tazama walisoma wapi. Usipoona hata mmoja wa nje kwa miaka mitatu mfululizo, ihurumie pesa ya mama yako.

Na ukifika kwenye kupanga orodha, naomba unisikilize sana. Wako watakaokushauri uweke juu programu unayodhani itakuchukua, na ile uipendayo uishushe, usije ukapoteza nafasi. Ushauri huo ni mbaya. Utaratibu ulivyoundwa, uliofanyiwa marekebisho na mchumi Alvin Roth na wenzake na kuanza kutumika 1998, huanza na matakwa ya mwombaji. Kompyuta hukupeleka kwa programu yako ya kwanza. Ikikukubali, inakushika kwa muda tu, hadi aje wanayemtaka zaidi. Ikikutoa, unapelekwa kwa ya pili, nayo hukupima kana kwamba ulianza kwake. Hakuna unachopoteza kwa kuanza na unachokipenda. Roth na Lloyd Shapley walipewa tuzo ya Nobel ya uchumi 2012 kwa elimu hii. Panga kwa moyo wako, na usiache nje programu yoyote ambayo ungekubali kwenda. Orodha ndefu ya mahali ulikofanyiwa usaili ndiyo kinga yako.

Mimi mwenyewe mara ya kwanza nilikosa. Nilitaka akina mama na uzazi, na nilikuwa na usaili wa mahali pawili. Siku zile huu utaratibu wa SOAP, wa kugawa nafasi zilizobaki kwa awamu, haukuwepo, umekuja 2012. Sisi tuligombania kwa simu na faksi, laini zote zimejaa, natuma karatasi zilezile hospitali baada ya hospitali hadi wino ukaisha. Sikupata. Mwaka mzima nikafanya kazi ya kutoa damu maabara, nikajitolea kliniki jioni, nikaomba tena, safari hii tiba ya ndani. Nilidhani nimejishusha. Leo sijui ningekuwa nani bila wagonjwa wangu wa kisukari na wa moyo. Lakini nilipoteza mwaka mmoja, wala sikuuza kiwanja cha mtu.

La visa sitalirefusha, ila lazima nilitaje. Wengi wenu mtakwenda kwa J-1, visa ya mafunzo, ambayo wizara ya afya ya nchi yako huiandikia barua, na ukimaliza unatakiwa urudi nyumbani miaka miwili au upate msamaha, kwa mfano kwa kutumikia miaka mitatu eneo lenye uhaba wa madaktari. Kila jimbo lina nafasi 30 za namna hiyo kwa mwaka. Juni 2025 Somalia na Burundi ziliingizwa kwenye orodha ya nchi ambazo raia wake wamezuiwa kuingia Marekani, Somalia kabisa na Burundi kwa sehemu. Desemba ikaongezwa Tanzania, kwa sehemu, na J-1 imo. H-1B, visa ya kazi, inadai uwe umemaliza hatua ya tatu ya USMLE, na tangu Septemba 2025 maombi mapya yamewekewa ada ya dola 100,000. Mambo haya hugeuka kwa amri moja. Someni amri yenyewe kabla ya kulipa senti, msitegemee aliyekwenda miaka mitatu iliyopita.

Na hiyo miaka miwili ya kurudi, msiione kuwa adhabu. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Nimewaona wenzangu waliorudi wakafungua huduma ambazo mikoa yao haikuwahi kuwa nazo.

Kijana wangu, kwa idhini yake nimeandika habari zake, sasa anafanya kazi hospitali ya wilaya nyumbani na anajiandaa kuomba MMed ya mifupa. Ameniambia wiki iliyopita amefunga paja la mtoto aliyegongwa na pikipiki.

Ninyi mnaoomba msimu ujao, kabla ya Septemba nileteeni orodha zenu: ubingwa, mwaka wa kuhitimu, alama ya hatua ya pili, aina ya visa, na programu ulizozichagua kwa mkono. Nitazisoma moja moja. Yeyote mwenye ubingwa mmoja tu kwenye orodha, anipigie kwanza.

Mama yenu,
daktari wa tiba ya ndani