Waliopandikizwa meno wapewe kadi ya kipandikizi chao

Mhariri,

Matangazo ya kupandikiza meno yamejaa mitandaoni siku hizi, na swali la kwanza la wengi ni bei. Sisi tunaofanya kazi ya kinywa na meno tunaomba wasomaji wako waulize na jambo jingine kabla ya kulipa: nitapewa kadi ya kipandikizi changu?

Kipandikizi ni skrubu ya titani inayozamishwa kwenye mfupa wa taya palipong'olewa jino. Mara nyingi ina unene wa milimita 3.5 hadi 5 na urefu wa milimita 8 hadi 13. Juu yake hukazwa kiunganishi kinachopenya kwenye ufizi, na juu ya kiunganishi hukaa taji, yaani lile jino linaloonekana. Kiunganishi hushikwa na skrubu nyingine ndogo sana, na hiyo ndogo ndiyo hulegea baada ya miaka. Taji likianza kucheza, mgonjwa hudhani kipandikizi chote kimeng'oka. Wengine huendelea kulitafunia hivyo hivyo mpaka ile skrubu inakatikia ndani, na kuitoa hapo ni kazi ngumu. Angewahi, huenda ingetosha kufungua, kusafisha na kukaza upya kwa nguvu aliyoelekeza mtengenezaji.

Tatizo ni bisibisi. Kampuni moja hutengeneza kichwa cha skrubu chenye pembe sita, nyingine pembe nne, nyingine mfano wa nyota, na vipimo navyo hupishana. Bisibisi isiyo yake haiingii, au inaingia, inateleza na kukila kichwa. Kwa hiyo mtu aliyepandikizwa India au Uturuki akarudi Dar es Salaam au Mwanza mikono mitupu, daktari wake hapa anabaki kukisia kwa umbo la eksirei.

Na hakuna sababu ya kukisia. Vipandikizi vya kampuni zinazoaminika huja na stika zenye jina la mtengenezaji, aina, unene, urefu na namba ya toleo. Moja hubandikwa kwenye faili, nyingine ni haki ya mgonjwa, ibandikwe kwenye kadi yake. Idai siku ile ile ya upasuaji, pamoja na nakala ya eksirei na tarehe. Ukiambiwa hakuna stika, uliza kipandikizi kimetoka wapi.

Hayo ya "meno mapya kwa siku moja" nayo yanahitaji maelezo. Mfupa hushikamana na titani taratibu: kwa desturi miezi 3 taya la chini, na hadi 6 taya la juu ambako mfupa ni laini zaidi. Jino la siku hiyo hiyo linawezekana kwa baadhi ya watu, iwapo skrubu imekaa imara sana tangu mwanzo, lakini kwa kawaida ni la muda, na mgonjwa hula vyakula laini kwa wiki kadhaa. Kipandikizi kinachotikiswa mapema huzungukwa na nyama badala ya mfupa. Hicho hakikazwi tena, hutolewa.

Wakati wa kutoboa, tundu huanza dogo, kama milimita 2, kisha hupanuliwa hatua kwa hatua huku maji ya chumvi yaliyo safi kabisa yakimiminwa. Mfupa ukifika nyuzi joto 47 kwa dakika moja tu huanza kuharibika, ndiyo maana keekee butu na haraka ni hatari. Picha ya CT ya taya ni muhimu hasa kwa magego ya chini, kwa kuwa mshipa wa fahamu wa mdomo hupita humo na inatakiwa ibaki nafasi ya angalau milimita 2 kati yake na kipandikizi. Ganzi ikiwa haijaisha mdomoni kesho yake, mpigie daktari papo hapo, usingoje miadi ya kutoa nyuzi.

Mwambie pia dawa zote unazotumia. Waliochomwa sindano za kuimarisha mifupa, hasa wakati wa matibabu ya saratani, wanaweza kupata jeraha la taya lisilopona. Kisukari kisichodhibitiwa na sigara huongeza uwezekano wa kipandikizi kukataa. Kijana ambaye bado anakua asubiri, maana kipandikizi hakisogei na taya linapokua, kitabaki nyuma ya meno mengine.

Kipandikizi hakiozi, lakini ufizi wake huugua, na mara nyingi hauumi. Damu unapopiga mswaki, au usaha, ni dalili tosha. Wakati mwingine chanzo ni saruji ya kubandikia taji iliyosalia chini ya ufizi. Safisha pembeni kwa brashi ndogo ya katikati ya meno kila siku, na upimwe angalau mara moja kwa mwaka.

Tunaliomba Baraza la Madaktari Tanganyika liifanye kadi hiyo kuwa sharti kwa kila kliniki inayopandikiza. Na wewe uliyekwisha kupandikizwa bila kupewa chochote, rudi ulikotibiwa ukaombe taarifa hizo sasa, wakati faili lako bado lipo.

Madaktari wa kinywa na meno,
Dar es Salaam