Barua ya wazi: Mheshimiwa, hata paa tu

Mheshimiwa,

Salamu kutoka Elburgon, huku Nakuru, Kenya. Sitakutaja jina wala cheo. Mwenyewe unajijua, na waliokuwa kwenye baraza lile wanakujua. Ulisimama chini ya hema ukasema chekechea yetu mpya itajengwa kwa mbao za hapa na mafundi wa hapa. Mimi nilipiga makofi mpaka viganja vikawasha.

Jumanne iliyopita lori lilipita mbele ya karakana yangu limebeba saruji na vyuma vya paa. Nikajiambia labda linaenda kwingine. Baada ya saa moja hivi akaja kijana wa kontrakta, mwenye adabu kweli: "Mzee, tunataka mabanzi na nguzo za blugamu." Moyo ukaruka. Kumbe ni za kushikilia zege mpaka likauke! Zikishabanduliwa zitaenda kuwasha jiko la mama wa githeri. Basi hiyo ndiyo mbao iliyomo katika jengo lako la mbao. Asante kwa biashara.

Uchungu huu si wa juzi. Februari 2018 ukataji wa miti katika misitu ya umma uliposimamishwa, msumeno wangu ulinyamaza. Niliuza mota, nikauza ng'ombe, kitinda mimba wangu akakaa nyumbani muhula mzima. Sikupiga kelele, maana wezi wa miti walikuwa wamezidi na hilo tulilijua kuliko walio ofisini. Julai 2023 Rais akatangaza papa hapa Molo kwamba marufuku imeondolewa. Halafu mambo yakaenda mahakamani, tukangoja tena. Tumezoea kungoja. Saiprasi yenyewe huchukua miaka 25 hadi 30 kufika msumenoni.

Kwa nini vyuma? Wengine wanasema kuna mtu anayepewa chake. Sina ushahidi, kwa hiyo nanyamaza (kidogo). Nashuku aliyeandika makadirio alinakili ya jengo la mwaka juzi akabadilisha jina tu.

Au ni hofu ya moto? Hapo sitafanya mzaha. Watoto 21 waliteketea Endarasha kule Nyeri, Septemba 2024, na bweni lile lilikuwa la mbao. Nina wajukuu. Lakini ubao mwembamba wa ukutani si boriti. Boriti nene ikishika moto huungua juu na kufanya ganda la makaa, na ganda hilo hukinga kiini kwa muda. Chuma kikipata joto kali hulegea. Weka milango miwili inayofunguka nje na madirisha yasiyo na nondo, hapo utakuwa umewalinda watoto. Na mchwa? Mbao hutiwa dawa, msingi ukainuliwa. Baba yangu alijua hayo bila digrii.

Norway wamesimamisha jengo la mbao zilizogandishwa kwa gundi, ghorofa 18, mita 85, mwaka 2019. Sisi tunazungumzia chumba cha watoto wa miaka minne. Na wewe kila siku ya kupanda miti unakuja na koleo na mpiga picha, unatuhubiria mazingira. Mti humeza hewa ya ukaa, na ukigeuzwa paa hewa hiyo inabaki imefungiwa humo miaka na miaka. Saruji ndiyo inayotoa takriban asilimia 8 ya hewa hiyo inayotokana na shughuli za binadamu duniani. Sasa miche tunapandia nini, Mheshimiwa? Tupigie picha?

Nilitaka kuomba jengo zima. Kuta zimeshapanda kwa mawe. Sawa, zibaki za mawe. Naomba paa. Trasi, yaani fremu za kubeba paa, za saiprasi iliyokauka vizuri, zilizotiwa dawa, zikaguliwe na mhandisi wako yeyote. Vijana wanne wangepata kazi hapa, na mimi ningelipa karo.

Vyuma bado viko chini ya turubai, havijachomelewa. Nimevitazama leo asubuhi nikienda kununua maziwa. Paa tu, Mheshimiwa.

Wako mtiifu (bado),
Fundi wa mbao, Elburgon