Filamu Zinawaonea Wanawake Wapole wa Riwaya

Ndugu Mhariri,

Nimesoma kwa makini maoni ya wasomaji wenu wanaozisifu filamu za siku hizi zilizotungwa kutokana na riwaya za kale za Ulaya, kwa kuwa, wanasema, filamu hizo zimewapa wanawake sauti. Mimi ni mwalimu wa fasihi katika shule ya sekondari hapa Bukavu, na riwaya hizo, ambazo sisi huzisoma kwa tafsiri za Kifaransa, nimezipenda tangu ujana wangu. Naomba nafasi nieleze kwa nini sifa hizo zinanihuzunisha, hasa zinapowahusu wanawake wawili walioandikwa na Jane Austen, mwandishi wa Uingereza: Fanny Price wa Mansfield Park, riwaya ya mwaka 1814, na Anne Elliot wa Persuasion, iliyotoka mwishoni mwa 1817, miezi michache baada ya mwandishi kufariki.

Fanny anatolewa kwa wazazi wake maskini huko Portsmouth akiwa na umri wa miaka 10, akapelekwa kulelewa katika nyumba ya kitajiri ya mama yake mkubwa. Msomaji wa Bukavu hahitaji kufafanuliwa hali hiyo. Katika mitaa yetu ya Kadutu na Ibanda wapo wasichana wengi waliochukuliwa na jamaa ili wasomeshwe, ambao hutumwa kuliko watoto wa nyumbani na kukumbushwa kila siku kwamba wanapaswa kushukuru. Kwa Fanny, kazi ya kumkumbusha ni ya mama mkubwa mwingine, Bi Norris, ambaye pia ameagiza kwamba chumba anamokaa msichana huyo kisiwashwe moto hata majira ya baridi. Ndipo anapokuja Henry Crawford, kijana mwenye mali na maneno matamu, kumposa. Sir Thomas, mwenye nyumba, anaona ni bahati kubwa. Fanny, ambaye amemwona kijana huyo akichezea mioyo ya binti wote wawili wa Sir Thomas, anakataa. Anakataa akitetemeka na kulia, huku akiambiwa kuwa ni mkaidi asiye na shukrani na mtu aliyemlisha miaka yote hiyo, wala hawezi kutaja sababu yake bila kuwaaibisha binamu zake. Anarudishwa Portsmouth ili umaskini umfundishe adabu, na bado hakubali.

Sijakutana na ujasiri mkubwa kuliko huo katika riwaya nilizozisoma. Wasichana ninaowafundisha hubishana juu ya sehemu hiyo kwa muda mrefu kuliko nyingine yoyote, kwa sababu baadhi yao wanajua ni kitu gani kumwambia hapana mtu anayekulipia pesa za shule.

Sasa itazameni filamu ya mwaka 1999 iliyoongozwa na Patricia Rozema. Fanny wa humo ni mcheshi, mwepesi wa kujibu, tena ni mwandishi, na anayoyaandika yamechukuliwa katika maandishi ya ujana ya Austen mwenyewe. Zaidi ya hayo, anaikubali posa ya Crawford, kisha kesho yake anaivunja. Najua kwamba Austen mwenyewe aliwahi kukubali posa mwaka 1802 na kuikataa asubuhi iliyofuata. Lakini kumvika Fanny tukio hilo ni kumnyang'anya mali pekee aliyokuwa nayo katika nyumba ile, yaani kwamba hakuyumba hata siku moja. Haki inanidai niseme pia kwamba filamu hiyo ilifanya jambo moja jema. Katika riwaya, Fanny anamuuliza Sir Thomas, mwenye shamba katika kisiwa cha Antigua, huko Karibi, kuhusu biashara ya watumwa, na binamu zake wanakaa kimya. Filamu inalifungua swali hilo na kuonyesha, kwa michoro, mateso waliyotendewa watumwa. Mkongo hawezi kulipuuza hilo.

Anne Elliot ametendewa vibaya zaidi. Katika filamu ya Carrie Cracknell ya mwaka 2022, yeye hunywa divai, hutoa mizaha, na hutazama kamera ili kutusimulia upuuzi wa jamaa zake. Anne wa kitabuni ana miaka 27, na nyumbani kwao hakuna anayemsikiliza. Ndiyo maana siku ile katika mji wa pwani wa Lyme, Louisa Musgrove anapoanguka kwenye ngazi na kuzimia, na maofisa wa jeshi la majini wanapopotewa na akili, inashtua kuona kwamba wote wanamgeukia Anne, naye ndiye anayesema daktari aitwe na nani aende kumwita. Mwanamke aliyekwisha kutuchekesha tangu dakika ya kwanza hawezi kutushtua hivyo. Wala asiseme mtu kwamba sinema haiwezi kumbeba mtu asiyesema sana, kwa maana mwaka 1995 Roger Michell alimwongoza Amanda Root katika nafasi hiyohiyo, na mwigizaji huyo alituonyesha kwa macho na mabega tu ni kiasi gani Anne anavumilia.

Ninaloomba kwenu, Ndugu Mhariri, ni kwamba mtakapochapisha tena sifa za filamu ya namna hii, mchapishe kando yake kurasa chache za riwaya yenyewe, ili wasomaji wapime wenyewe. Sura ya 32 ya Mansfield Park, ambamo Sir Thomas anamhoji Fanny, ingefaa kuanzia.

Mwalimu wa fasihi,
Bukavu