Barua ya wazi kwa Gavana Fatuma Achani: tufungulie daftari la kaunti kabla ya 2027

Kwa Mheshimiwa Fatuma Mohamed Achani,
Gavana wa Kaunti ya Kwale.

Assalam aleikum, Mheshimiwa Gavana.

Mimi ni mkaazi wa kaunti yako, mwalimu wa chekechea, na shangazi yangu aliwahi kugombea uwakilishi wadi akakosa. Siombi kazi wala basari. Wala sikuandikii kukupigia debe. Hilo wapiga kura wataliamua wenyewe Agosti 10, 2027. Nina ombi moja, ila kabla sijalisema nataka ujue safari yako inavyoonekana kwetu tulioko vijijini.

Machi 2013 tulipiga kura ya kwanza ya ugatuzi. Kaunti 47, magavana 47, na wote walikuwa wanaume. Hapa kwetu alichaguliwa Salim Mvurya, na wewe, wakili, ukaingia kama naibu wake. Wengi wetu hatukujua naibu gavana hasa ni nani. Kwenye karatasi ya kura hapigiwi peke yake. Anakwenda na gavana kama mtu na kivuli chake. Katiba inampa kiti katika baraza la mawaziri wa kaunti, na gavana asipokuwapo anashika nafasi yake. Kazi nyingine ni zile gavana atakazopenda kumpa. Naibu aweza kumaliza miaka mitano akikata utepe tu, na zipo kaunti ambako gavana na naibu wake walifika mahali hawasalimiani.

Wewe ulikaa pale vipindi viwili. Mwaka 2013 mlipita kwa chama cha ODM, mwaka 2017 mkarudi kwa Jubilee, na muda wa Mvurya ulipokwisha mwaka 2022 ukasimama mwenyewe kwa UDA, mbele ya watu wazito: Profesa Hamadi Boga, aliyekuwa Katibu wa Wizara ya Kilimo, na Chirau Mwakwere aliyepata kuwa waziri na mbunge wa Matuga. Ukashinda. Ukawa mwanamke wa kwanza kuwa gavana katika Pwani yote.

Siku matokeo yalipotangazwa tulikuwa jikoni kwa shangazi. Redio ilikuwa dirishani, yeye yuko juu ya mbuzi anakuna nazi. Jina lako lilipotajwa aliinuka, kifuu bado mkononi, akapiga kigelegele kimoja kirefu mpaka kuku wakatawanyika uani. Kisha akakaa tena, akaendelea kukuna bila kusema neno. Nilimtazama nikaona analia.

Nilijua kwa nini. Mwaka 2017 alitaka tikiti ya chama kimoja ili asimame katika wadi yetu. Kijijini kwa mumewe aliambiwa yeye ni wa kuja. Alipokwenda kwao alikozaliwa, wazee wakamwambia, "Mwanangu, wewe tulishakuoza. Ukipata hicho kiti, maji utayapeleka kwetu ama kwa mumeo?" Mwanamume aliyeoa wake wawili kutoka vijiji viwili hakuulizwa swali hilo.

Lakini kilichomuumiza zaidi kilikuja siku ya mkutano. Wanaume walikaa kwenye viti vya plastiki chini ya mwembe, wanawake kwenye mikeka nyuma. Kipaza sauti kilimfikia jua limeshaanza kushuka. Akasema vizuri, akaahidi kisima. Kijana mmoja akanyanyua mkono, akauliza kwa adabu: "Mama, pesa za kisima kwenye kaunti hupangwa mwezi gani, na nani anazipitisha?" Shangazi akanyamaza. Nilikuwa nimekaa karibu naye, nikaona vidole vyake vinakunja pindo la leso na kulikunjua. Wagombea wanaume waliomtangulia nao waliahidi visima, barabara na taa, wala hakuna aliyewauliza. Hata hivyo swali lile lilikuwa la haki. Mtu anayetaka kwenda bungeni Kwale apaswa kulijua jibu.

Nimekaa na swali hilo miaka yote hii, Mheshimiwa, nikalifuatilia jibu mwenyewe. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Waraka wa mikakati ya fedha hufuata, mwisho wake Februari 28. Makadirio ya bajeti yanatakiwa kufika bungeni kabla ya Aprili 30, na mwaka mpya wa fedha unaanza Julai 1. Kisima ambacho hakikuingia katika mpango wa Septemba ni vigumu sana kukipata Juni. Wanawake wa kwetu ndio wanaotembea na madumu kutafuta maji, na ndio wanaokwenda zahanati na watoto migongoni. Maji, zahanati, barabara za vijijini, chekechea ninayofundisha, vyote Katiba imeviweka mikononi mwa kaunti. Siku ya kura wanaijua na wanaamka saa kumi alfajiri kupanga foleni. Septemba 1 hawaijui.

Hapo ndipo ninapoiona tofauti yako. Wanawake wengi tunaowaona wakigombea huingia miezi mitatu kabla ya uchaguzi, wakiwa na leso za kugawa na kikundi cha ngoma. Wewe uliingia katika kampeni ya 2022 ukiwa na miaka tisa ya kukaa mezani bajeti ikipangwa na kubishaniwa. Ungeulizwa swali la yule kijana ungejibu, na pengine ungemtajia hata ukurasa.

Wengine kabla yako walikuja kwa njia zao. Mwaka 2017 walipatikana watatu wa kwanza nchi nzima: Charity Ngilu wa Kitui, Anne Waiguru wa Kirinyaga na Dkt. Joyce Laboso wa Bomet, aliyekuwa Naibu Spika wa Bunge la Taifa, na ambaye tulimpoteza Julai 2019 kabla hajamaliza kipindi. Mwaka 2022 mkawa saba. Kawira Mwangaza wa Meru, aliyeshinda bila chama, aliponea kung'olewa mara mbili katika Seneti, mara ya tatu, Agosti 2024, akaondolewa. Saba kati ya 47 bado ni wachache, na mmoja akitoka pengo linaonekana kutoka mbali.

Najua kuna viti vya kuteuliwa katika bunge la kaunti, ili wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili. Navishukuru, na wapo kina mama wanaovitumia vizuri. Lakini kiti hicho hutoka kwenye orodha ya chama. Aliyeletwa na orodha humwangalia mwenye orodha, hana wadi ya kurudi kuwaambia watu, "Hiki nimekileta mimi." Kwangu mimi mwanamke wa kutazamiwa ni yule atakayesimama chini ya mwembe ule ule, aulizwe, ajibu.

Basi ombi langu ni hili. Kwale ina wadi 20. Chagua wanawake wawili kila wadi, wa chama chochote au wasio na chama, waufuate mwaka mmoja mzima wa bajeti: waanze na mpango wa Septemba, wamalize na siku makadirio yanapopitishwa. Wakae katika vikao walivyo na haki ya kukaa kama raia, wapewe nyaraka kwa Kiswahili, na mtu wa hazina ya kaunti awaeleze maana ya kila safu ya hesabu. Wapewe nauli, kwa sababu kutoka Kinango ndani au Vanga mpaka Kwale mjini si mwendo wa kwenda bila kujipanga. Kisha warudi wakaeleze vijijini. Ni watu 40. Na uwafundishe wewe mwenyewe, walau kikao kimoja, jinsi naibu anavyojifunza kazi isiyokuwa yake bado.

Baadhi ya hao 40 watakuja kugombea dhidi ya watu wako, na mmoja aweza kuja kugombea dhidi yako. Nakuomba hata hivyo.

Shangazi amesema yeye hagombei tena, magoti yanamsumbua. Lakini nilipomsomea barua hii aliniuliza kama nafasi ya wadi yetu yaweza kuwa yake, akakae pale Septemba, aulize habari ya kisima. Bado hakijachimbwa.

Wasalaam,
Mwalimu wa chekechea, Kwale